Kidonge Kilichofuta Ndoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikumwona mgonjwa hata mmoja. Nilifika asubuhi na mapema, blauzi nyeupe imepigwa pasi, diploma mkobani, moyo umejaa hamu ya kuwaponya watu wote wa Lubumbashi. Shefu wa idara yetu pale hospitalini, mzee mrefu ambaye wazazi wake walitoka Kasai, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, alinitazama kuanzia viatu hadi kola. Kisha akachukua kitambaa, akaufunga mkono wangu wa kuume nyuma ya mgongo.

"Mama Béatrice," akasema, ingawa nilikuwa bado msichana, "leo utafanya kazi ya nyumba. Uwashe mbabula, upike bukari, ufunge kitenge, na mwisho ukunywe dawa."

"Dawa gani, Shefu? Mi siko mugonjwa."

"Ni vitamini tu. Iko pale mu pakiti yake."

Chumba alichoniachia kilifanana na nyumba ya mtu aliyetoka kidogo kwenda kwa jirani: kitanda, beseni, meza, sufuria, na mbabula, lile jiko letu la makaa. Nilimaliza asubuhi nzima humo. Bukari, ugali wetu wa Katanga, ulikataa kusongwa kwa mkono mmoja. Sufuria ilizunguka pamoja na mwiko kana kwamba inacheza dansi. Kitenge kilianguka kila nilipojaribu kukikaza. Vumbi la makaa lilielea katika mwanga wa dirisha, likageuka dhahabu, na nakumbuka nilisimama nikalitazama kwa muda mrefu, nimesahau nimekuja kufanya nini. Mwisho nikaishika pakiti ya vitamini, nikaichana kwa meno. Kidonge kiliruka, kikapotelea chini ya kitanda.

Shefu alikuwa ameketi mlangoni muda wote. Hakucheka.

"Sasa umeona," akaniambia akinifungua. "Muntu akiacha dawa, usikimbilie kusema ni kichwa nguvu. Angaria mukono yake kwanza. Mukono ikiwa muzuri, angaria macho. Macho ikiwa muzuri, umuulize siku yake inapita namna gani. Kintu chenye kinamuzuia kiko ndani ya siku yake. Na ukishamuuliza, unyamaze."

Ninyi vijana mnaosoma habari hizi, pengine hamjui kazi yetu inaitwaje. Kwa Kifaransa ni ergothérapie. Siku zile hata wauguzi wenzetu walidhani tunacheza na wagonjwa. Kwa maneno yangu mimi, ni kazi ya kumrudishia mtu matendo ya siku yake: kuvaa, kuoga, kupika, kushika kijiko, kumbeba mtoto. Na kunywa dawa ni mojawapo ya matendo hayo. Daktari anaandika dawa, mfamasia anaitoa, lakini kati ya pakiti na koo la mgonjwa kuna safari ndefu, na safari ile ndiyo tuliyokabidhiwa sisi. Wakubwa waliita jambo hili observance, yaani kufuata dawa kama ilivyoandikwa. Tulipima mshiko wa vidole viwili, ule unaotumika kuokota kidonge mezani. Tulibadilisha vifuniko vigumu. Kwa wale ambao macho yao yalififia, tulishona vifuko vya vitambaa vya rangi tofauti, cha asubuhi cha manjano, cha jioni cha buluu. Na mara nyingi tuliketi tu, tukasikiliza.

Baada ya miaka michache nilitumwa Pweto, kule juu ziwa Mweru linapoishia. Zahanati ilikuwa chini ya Masere Mkuu, mtawa mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye harufu ya samaki wakavu ilikuwa imemwingia mpaka kwenye shela yake. Tulikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa unaoukunja uti wa mgongo, na dawa yake hunywewa kila siku kwa miezi mingi. Nilikuja na saa yangu ya ukutani, ya kuwakumbusha wagonjwa saa ya dawa. Masere akaitazama, akatabasamu.

"Binti, hapa usimupe muntu saa. Umupe kintu anafanya kila siku."

Mama mmoja aliyekausha samaki alikuwa anasahau dawa mara kwa mara. Nikaenda kukaa naye ufukoni kulipokucha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na wanawake walitembea ndani yake wakigeuza samaki juu ya vichanja, mmoja mmoja, bila kusema, kama watu wanaofunika watoto waliolala. Tuliweka dawa yake pale pale, kwenye nguzo ya kichanja cha kwanza. Kabla ya kugeuza samaki, kidonge. Hakusahau tena. Tangu hapo njia hiyo niliiita kufunga dawa kwenye tendo, na niliitumia maisha yangu yote. Pweto inanijia hadi leo nikisinzia mchana: ule ukungu, na mikono inayogeuza.

Niliporudishwa Lubumbashi, Shefu alikuwa amezeeka, lakini bado alikuwepo. Alikuwa ameanzisha kazi mpya, kuwatembelea wagonjwa majumbani. "Chumba yetu ni nyumba ya uongo," aliniambia. "Wende ku nyumba ya kweli." Ndivyo nilivyofika kwa Mzee Kasongo, na ni yeye hasa ninayetaka kuwasimulia.

Mzee Kasongo alikuwa mashinisti mstaafu, mwendeshaji wa treni. Aliishi Kamalondo, katika nyumba ya matofali ya zamani, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinaongea kabatini. Mkewe, Mama Ngoie, alikuwa amefariki. Mwaka uliofuata mzee akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na baada ya kiharusi kikamwingia kifafa, kama inavyotokea mara nyingine ubongo ukibaki na kovu. Aliandikiwa fenobarbitali, kidonge kidogo cheupe cha kila jioni. Nyumbani alibaki na binti yake, Mireille, aliyefanya kazi kwenye depo ya wafanyabiashara wa kutoka Butembo, wale wanaouza bidhaa kwa jumla na kuzisafirisha kwa malori.

Niliitwa kwa sababu mzee alikuwa ameanguka. Kifafa kilimkuta amesimama uani, na mkono wake dhaifu ukaangukia mbabula. Mireille alirudi kutoka kazini akamkuta chini, shati limeungua. Nilipofika, mkono ulikuwa umefungwa bendeji, na binti alikuwa amesimama kati ya mlango na meza kama mtu asiyejua aketi wapi katika nyumba yake mwenyewe.

"Mama, mi sielewe," akaniambia. "Kila mangaribi minamupatia dawa. Anaikunywa mbele yangu, minaona. Dokta anasema katika damu hakuna dawa. Patron yangu ya kazi ni muntu muzuri, amenipatia mpaka mwisho wa mwezi nipange mambo ya Papa. Kisha pale, nitaacha kazi ao Papa ataenda ku Mitwaba kwa kaka yangu. Na kule Mitwaba dawa iko inapotea miezi mizima."

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikautazama mkono wa kuume: mzima, vidole vyenye nguvu, vidole vya mtu aliyevuta breki za chuma. Nikayatazama macho: aliona saa ya kanisa ng'ambo ya reli vizuri kuliko mimi. Nikamwomba Mireille aende sokoni. Kisha nikaketi karibu na mzee, nikamuuliza siku yake inapita namna gani, nikanyamaza.

Treni ya mizigo ilipita polepole, behewa baada ya behewa, na vikombe vikaongea, vikaisha. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye miguu yake.

"Siku?" akasema mwisho. "Mi siko na siku, Mama. Asubuhi bananikalisha ku kiti. Mangaribi bananitoa pale. Siku yangu mi inaanza kama nimelala."

"Unapolala kunakuwa nini, Papa?"

"Anakuya."

Sikuuliza nani. Picha ya Mama Ngoie ilikuwa ukutani, mwanamke mwenye mashavu ya kucheka.

Ndipo akanieleza. Zamani, kabla ya kila safari, mkewe alimletea stesheni mikate ya moto iliyofungwa katika kitambaa, ile mikate ya duara tunayokaanga katika mafuta asubuhi. Alikuwa anaipandisha mpaka kwenye dirisha la mashine, na moshi wa mikate na moshi wa treni unachanganyika. Tangu afariki, alikuwa anakuja hivyo hivyo katika ndoto, karibu kila usiku. Wanaongea. Anamweleza habari za nyumba. Mara nyingine anapanda na kuketi naye, na wanaendesha pamoja kuelekea Tenke, nyasi zikiwa ndefu pande zote, bila kusimama popote.

"Sasa ile kidonge," akasema, na sauti ikashuka, "nikiikunywa, ni sawa bamezima taa. Minalala, minaamuka, hakuna kintu katikati. Majuma mingi nilikunywa, nilimungoja. Hakuya. Basi, minaiweka chini ya lulimi. Mireille akigeuka, minaitema mu maua."

Kulikuwa na kopo la maua karibu na kiti. Udongo wake ulikuwa umepata dawa nyingi kuliko yeye.

"Usimuambie mutoto," akasema.

"Dokta nitamuambia, Papa. Siwezi kunyamaza, ni maisha yako. Lakini Mireille, utamuambia wewe mwenyewe."

Nilitembea kurudi hospitalini kwa mguu. Ulikuwa ule mwezi ambao mijakaranda inamwaga maua yake ya zambarau barabarani, na nilitembea juu yake nikiwaza. Nilikuwa nimekutana na wagonjwa waliokataa dawa kwa sababu ya uchungu wake, kwa sababu ya kichefuchefu, kwa sababu ya mchungaji fulani. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia anakataa kwa sababu ya mapenzi. Na nilijua vilevile kwamba akiendelea hivi, kifafa kitamkuta tena karibu na moto, au kisimani, au kitandani uso umezama katika mto.

Daktari Mkuu wa magonjwa ya ubongo alikuwa mtu mkavu, mwenye wagonjwa wengi kuliko viti. Nilimweleza nimesimama.

"Ndoto haiko ugonjwa, Mama Béatrice," akanijibu bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Docteur. Lakini ile njo sababu anatema dawa."

Akaweka kalamu chini. Akaipangusa miwani yake.

"Ni kweli dawa ile inafanya vile," akasema. "Inafanya usingizi kuwa mzito, inafunika ndoto. Tunajua. Ila hakuna mgonjwa alishaniambia kwamba inamuuma." Akapumua. "Iko dawa ingine tunaweza kumpa. Lakini sikia: hatuwezi kuacha hii ghafla. Kwanza aikunywe sawasawa, bila kuruka hata jioni moja. Kisha tutapunguza polepole, na kuingiza ile ingine polepole. Ni miezi. Na katika miezi hiyo hatamuona bibi yake. Ataweza?"

Nilirudi Kamalondo nikaweka jambo lote mezani, na Mireille alikuwepo, kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa amekubali asikie. Alimweleza binti yake kwa maneno machache, akitazama sakafu.

Mireille hakulia. Alisimama akaenda kwenye kopo la maua, akachimba kwa kidole, akatoa kidonge kimoja kilichoyeyuka nusu, akakiweka kiganjani.

"Basi," akasema, "kila mangaribi ulikuwa unachagula yeye."

"Mireille..."

"Apana, Papa. Acha niseme. Mama alikufa, mi pia nilimulilia. Ata mi ningetaka aniyie mu ndoto, haniyii. Lakini asubuhi nani anakuosha? Nani alikukuta chini, nguo imeungua? Mi njo niko hai, Papa! Mi njo niko hapa!"

Treni haikupita wakati ule, ingawa ningependa ipite. Zilisikika tu sauti za watoto wa jirani wakiruka kamba. Mzee aliinua mkono wake mzima, akautafuta mkono wa binti, na kidonge kile kilichoyeyuka kikabaki katikati ya viganja vyao viwili.

"Nitakunywa," akasema. "Nitakunywa juu yako. Lakini, Mama," akanigeukia, "hii giza ya katikati, nitaijaza na nini?"

Hilo ndilo swali la kazi yetu. Nilimwomba anipe siku chache. Nilirudi kwa Shefu, nikamweleza. Aliisikiliza habari yote amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza: "Ule mama alikuwa anamuletea nini ku stesheni?"

Ndivyo tulivyoanza mikate. Unga wa mikate huchanganywa jioni, hukandwa, hufunikwa na kuachwa uumuke hadi asubuhi. Kukanda ni zoezi la mikono miwili: mkono mzima unaongoza, mkono dhaifu unafuata, vidole vinafunguka na kujifunga bila kuambiwa. Na kwa kuwa ni kazi ya jioni, dawa ilipata mahali pa kufungwa. Niliweka pakiti ndani ya bakuli tupu la unga. Ili aanze kuchanganya, ilimlazimu kuitoa. Akishaitoa, anakunywa, Mireille akiwa kando yake anapima sukari. Kukaanga hatukumwachia. Mtu wa kifafa hatumweki karibu na mafuta ya moto. Hiyo ilikuwa sehemu ya binti, asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Majuma ya kwanza yalikuwa magumu. Mzee alikunywa na alilala kama jiwe, na asubuhi nilimkuta na uso wa mtu aliyeshuka stesheni isiyo yake. Mikate nayo ilikuwa mizito. Mireille aliuma mmoja, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Haiko ya Mama."

"Juu ya nini? Unga ni ule ule. Sukari ni ile ile."

"Mi sijue, Papa. Ni muzuri. Lakini haiko ya Mama."

Neno lile lilimchoma, na pia lilimwamsha. Alianza kuutumia mchana kukumbuka. Mkewe alikuwa anatia chumvi kabla au baada? Maji ya moto au ya baridi? Nilimkuta amewaita wajane wawili wa mtaa uani, wanabishana juu ya hamira huku yeye akisikiliza kama hakimu. Siku ambayo zamani haikuwepo ilianza kuwa na saa zake. Asubuhi kuonja, mchana kukumbuka, jioni kukanda. Kiti kile karibu na kopo la maua mara nyingi nilikikuta kitupu.

Mwisho wa mwezi ulifika na Mireille hakuacha kazi. Alimwambia patron wake kwamba baba yake anakunywa dawa na jirani anakuja kumwangalia mchana, na akampelekea mikate katika kitambaa. Kaka yake wa Mitwaba alipiga simu, akaambiwa asubiri.

Jioni moja nilipita kwao nikitoka kwa mgonjwa mwingine. Jua lilikuwa linazama nyuma ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba unaoutazama mji wetu, na anga yote ilikuwa na rangi ya unga wa mahindi uliokaangwa. Mzee Kasongo alikuwa ameshakunywa kidonge. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya bakuli. Ghafla aliacha kukanda. Jirani mmoja alikuwa amemletea munkoyo katika kikombe, kile kinywaji chetu kitamu cha mahindi na mizizi, kile cha siku ile ile kisicholevya. Kikombe kilikuwa karibu na bakuli, na harufu zao mbili zilikuwa zimekutana.

"Munkoyo," akasema taratibu.

"Unataka kuikunywa, Papa?" Mireille akauliza.

"Apana. Hakuwekaka maji. Aliwekaka munkoyo!" Akacheka, cheko la kwanza nililomsikia. "Ule mwanamuke! Miaka yote ile alinificha!"

Wakaumwaga unga wa zamani, wakaanza upya. Niliwaacha hapo, nusu gizani, vichwa viwili juu ya bakuli moja.

Asubuhi nilirudi kwa makusudi, ingawa haikuwa zamu yangu. Mireille alikuwa ametoa mikate ya kwanza katika mafuta. Aliupuliza mmoja, akauma. Hakutafuna. Alisimama pale, mdomo umejaa, macho yamejaa, na mzee akamtazama kutoka kwenye kiti akisubiri kama mtu anayesubiri taa ya kijani.

Alitikisa kichwa, mara hii kwa kukubali. Kisha akaketi chini sakafuni, kando ya goti la baba yake, akaendelea kula huku analia, na mzee naye akachukua wake. Nilipewa mmoja. Ulikuwa na uchachu mdogo sana mwishoni, baada ya utamu, kitu ambacho ulimi unakitafuta kikiwa kimeshapita.

Dawa ilibadilishwa polepole kama Daktari alivyosema. Kidonge cheupe kilipungua mpaka kikaisha, na kile kipya kikashika nafasi yake katika bakuli. Mzee hakuanguka tena. Nilikuwa namtembelea kwa nafasi ndefu zaidi sasa, nami sikuuliza habari za usiku. Nilingoja aseme mwenyewe.

Siku moja akasema. "Nilimuona, Mama."

"Alikuya?"

"Alikuya. Nilizania tutaenda wote ku Tenke kama zamani. Eh, apana! Alikuwa anafua nguo, hata hakugeuka. Ananiambia: wewe bado uko hapa unafanya nini? Uko unachelewa ku kazi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Ananifukuza, Mama. Bibi yangu ananifukuza!"

Alimwona mara chache tangu hapo, aliniambia, na haikumwuma kama alivyoogopa. Aliishi miaka mingine mizuri. Alimwoza Mireille kwa kijana dereva wa lori, akisimama wima na fimbo. Alifariki msimu mmoja wa mvua kwa homa ya mapafu, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, na nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza makaburini, tope likitushika viatu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada yake. Shefu naye alitutoka. Nilisimamia idara, nikafundisha vijana wanaotoka Kasapa, kwenye chuo kikuu, wakiwa na simu zinazolia saa ya dawa ikifika. Ni vifaa vizuri, sivikatai. Nilichowaomba ni kimoja tu: simu ikishalia na mgonjwa asinyooshe mkono, wakae chini. Waulize siku yake. Wanyamaze mpaka ajibu, hata kama jibu lake halina mahali katika masomo yao. Wengine walinisikia, wengine walitazama saa. Mimi pia zamani nilibeba saa mpaka Pweto.

Walinipa sherehe ndogo siku ya kustaafu, keki na hotuba, na nilirudi nyumbani kwangu Kampemba nikiwa na shada la maua ya plastiki. Mume wangu, ambaye sikumtaja kwa kuwa hizi ni habari za kazi, alikuwa bado hai. Tulipata muda kidogo wa kukaa pamoja bila haraka, kisha akatangulia. Mwaka huo huo daktari alinikuta na presha, akaniandikia kidonge cha kila asubuhi, akanieleza kwa upole namna ya kukinywa, kwa kuwa hakujua mimi ni nani. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Asubuhi kuna muda mfupi ambapo sijajua bado kama ni leo au ni zamani. Nasikia mtu anafagia uwanja wa jirani. Nasikia kikohozi cha mume wangu upande wa pili wa kitanda, kile kikohozi chake cha kuanza siku, na ninatulia ili kisikimbie. Sijilazimishi. Kikishapotea, naweka miguu chini, nanyoosha mkono kwenye bilauri iliyo dirishani, nakunywa kidonge changu, nafungua mlango. Mwanga unaingia wote kwa mara moja. Yule anayefagia anainua kichwa, ananiita kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Mama Béa, umeamuka?"

"Niko," namjibu. "Niko."